Shotigani Ikigoma Kulia: Weka Bisibisi Chini, Soma Kwanza Fataki

Najua wengi mlitegemea leo niendelee na viwavijeshi. Somo hilo litarudi. Leo nageukia jambo ambalo wakulima watatu wameniuliza msimu huu, kila mmoja kwa wakati wake: "Bwana shamba, shotigani ya nyumbani imegoma. Triga ina shida gani?"

Niseme mapema ili tusidanganyane. Mimi nina stashahada ya kilimo, siyo ya silaha. Sina leseni ya kumiliki bunduki. Ninachokijua nimekipata sehemu mbili: kwa baba yangu mdogo aliyekuwa askari wa wanyamapori, na kwa fundi silaha mmoja wa Morogoro mwenye leseni, ambaye niliwahi kukaa naye asubuhi nzima. Kwa hiyo sikufundishi kutengeneza bunduki. Nakufundisha kutambua ugonjwa wake, na kujua kazi yako inaishia wapi.

Tuanze na kisa chenyewe.

Usiku wa nguruwe

Ilikuwa mwezi wa tano, mahindi yamefika hatua ya kuchoma. Kijana mmoja wa kata yetu huku Kilosa alikuwa na ekari kumi na mbili, na pembejeo zote alizichukua kwa mkopo. Nguruwe pori walikuwa wameshamlalia kama ekari moja hivi. Baba yake ana shotigani ya namba 12, ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, ina triga mbili. Ni ya miaka mingi, na leseni ni ya mzee mwenyewe. Walitoa taarifa kwa afisa wanyamapori wa halmashauri, wakapewa ruhusa, wakaenda kulinda.

Saa saba usiku nguruwe wakaingia. Kijana alikuwa na tochi, mzee ana bunduki. Mzee akavuta triga ya mbele, mtutu wa kulia ukalia. Kundi likatawanyika, lakini dume moja likageuka kuja upande wao. Mzee akavuta triga ya nyuma. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Bahati yao dume lilikata kona likatokomea kwenye matete.

Asubuhi kijana akanipigia. Nilipofika nikamwamkia mzee, shikamoo, marahaba, kisha nikaiona bunduki imeegemezwa ukuta wa ghala. Mjukuu wa kama miaka sita anafagia pembeni yake.

Nikauliza, "Mzee, ile risasi ya kushoto umeshaitoa?"

"Bado, bwana shamba. Si imekufa?"

Jamani. Risasi iliyogoma haijafa. Imelala tu. Nilimwomba mtoto aende kwa bibi yake, na mzee mwenyewe akaichukua bunduki, akaenda nayo mbali na nyumba, akaelekeza mitutu ardhini mbele yake, akaivunja, akatoa maganda yote mawili. Mimi sikuigusa, na nilimwambia kwa nini.

Wakati huo kijana ameshatandika mkeka. Juu yake kuna bisibisi na chupa ya mafuta ya taa. "Tuimwagie tu mafuta ya taa ndani, itafunguka," akasema. Nitakuwa mkweli: karibu nikubali. Ndivyo tunavyofanya kwa pampu ya kupulizia dawa, ndivyo tunavyofanya kwa baiskeli. Lakini nikaona nimpigie kwanza baba mdogo, naye akaniunganisha na fundi.

Fundi hakuuliza bunduki ni ya nchi gani wala ya mwaka gani. Aliuliza mambo mawili tu. "Triga ilikuwaje kidoleni? Na fataki ya risasi iliyogoma ikoje?"

Mzee akajibu la kwanza: "Ilikuwa laini, kama kuvuta kamba ya kisima isiyo na ndoo." La pili nikalijibu mimi, ganda liko mkononi: kishimo kipo, lakini kidogo sana, kama alama ya ukucha.

Fundi akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Msimwage kitu humo ndani. Msiifungue. Mzee ailete kama ilivyo."

Kwa nini majibu hayo mawili yalimtosha? Hilo ndilo somo la leo.

Ndani ya bunduki kuna nini

Huwezi kutambua ugonjwa wa mmea usioujua mizizi yake. Kwenye bunduki nyingi za kuvunja, zile ambazo nyundo zake hazionekani kwa nje, kazi inafanyika hivi. Huu ni mfumo ulioanzia Birmingham, Uingereza, mwaka 1875, kwa mafundi wawili, Anson na Deeley, na mpaka leo bunduki nyingi zinaufuata.

Ukiivunja bunduki, mitutu inaposhuka inasukuma vyuma viwili ndani vinavyoinua nyundo mbili, moja kwa kila mtutu. Kila nyundo ina springi kali inayoisukuma irudi mbele. Isirudi, inashikwa na kijino cha chuma kinachoingia kwenye pengo dogo la nyundo. Kijino na pengo vinagusana kwa sehemu ndogo sana, ndogo kuliko punje ya mtama. Ukivuta triga, unachofanya ni kukinyanyua kile kijino kitoke kwenye pengo. Nyundo inaanguka, inapiga pini, pini inagonga fataki, yaani kile kiduara kidogo katikati ya kitako cha risasi. Fataki inawaka, baruti inashika, marisau yanatoka.

Kwa hiyo ukisema "triga imeharibika" bado hujasema kitu. Ni sawa na kusema mahindi yana njano. Njano ya wapi? Ikianzia ncha ya majani ya chini ikaingia katikati kwa umbo la V, naitrojeni imepungua. Ikiwa pembezoni mwa jani, tunafikiria potasiamu. Mkulima anayemwaga urea kabla ya kuangalia jani anamwaga hela. Kwenye bunduki anaweza kumwaga damu.

Kabla ya jambo lolote

Bunduki ikigoma wakati umeielekeza kwenye shabaha, usiishushe wala usiivunje hapo hapo. Iache imeelekea upande salama, kidole kitoke kwenye triga, hesabu polepole mpaka 60. Kuna risasi inayochelewa: fataki imewaka lakini baruti inashika baadaye kidogo. Ukiivunja wakati huo, inapasukia usoni kwako. Baada ya hesabu, vunja bunduki huku umeiweka mbali na uso, toa risasi. Usiirudishe tena ndani kujaribu bahati. Itenge, usiitupe jalalani wala kwenye moto. Uliza polisi namna ya kuikabidhi.

Halafu, kabla ya uchunguzi wowote nyumbani: mitutu yote miwili iwe tupu, umeangalia kwa macho na kugusa kwa kidole. Risasi zote ziwe chumba kingine, zimefungiwa. Watoto wawe mbali. Na anayeshika bunduki awe mwenye leseni, siyo mtoto wake, siyo kibarua, siyo bwana shamba.

Swali la kwanza: triga ilikuwaje kidoleni?

Majibu ni matatu, na kila moja lina njia yake.

*Ngumu, haisogei kabisa.* Angalia sefti kwanza. Bunduki nyingi za mitutu miwili, kila ukiivunja kuweka risasi, sefti inajirudisha yenyewe kwenye kuzuia. Mtu mwenye haraka anafunga, anavuta, haisogei, anasema imeharibika. Ukishaondoa hilo, angalia kama mitutu imefunga sawasawa: kile kikono cha juu cha kufungulia kirudi katikati yake. Uchafu kidogo, kipande cha jani au pumba chini ya kile chuma kinachosukuma maganda, unatosha kuzuia isifunge. Safisha kwa kitambaa, basi. Zaidi ya hapo, mbao ya kitako iliyoloa masika yote inaweza kuvimba ikabana vyuma vya ndani. Hiyo ni ya fundi.

*Inasogea, unasikia "tak", lakini haikulia.* Nyundo imeanguka. Kwa hiyo triga imefanya kazi yake! Tatizo liko mbele ya triga: springi, pini au risasi. Hapa ndipo fataki itakapokwambia.

*Laini, tupu, hakuna "tak".* Triga haikuwa na kitu cha kuachia, maana nyundo haikuwa juu. Na hilo lina sababu mbili. Ama nyundo haikupanda ulipoivunja, kwa sababu hukuishusha mitutu mpaka mwisho au vyuma vya kuinulia vimekwisha. Ama ilipanda, kisha ikaanguka yenyewe kabla hujagusa triga. Hii ya pili ishike vizuri, tutairudia.

Swali la pili: fataki inasema nini?

Fataki ndiyo jani la bunduki. Chukua ganda la risasi iliyogoma, liweke pembeni ya ganda la risasi iliyolia kutoka bunduki hiyo hiyo, uangalie kwenye mwanga wa jua.

*Haina alama kabisa.* Pini haikufika. Nyundo haikuanguka, au pini imekatika.

*Kishimo kirefu kama cha mwenzake.* Bunduki imefanya kazi yake yote. Risasi ndiyo mbovu: unyevu, uzee, au hifadhi mbaya. Usitafute fundi, tafuta risasi mpya. Na zile nyingine za boksi hilo usiziamini.

*Kishimo kidogo, kama alama ya ukucha.* Pigo lilikuwa dhaifu. Springi imechoka, ncha ya pini imelika, au kuna ulimbo ndani unaoichelewesha nyundo.

Sasa unganisha majibu mawili, kwa sababu moja peke yake linaweza kukudanganya. Triga yenye "tak" pamoja na kishimo kidogo: nyundo ilianguka ulipovuta, ila kwa unyonge. Triga tupu bila alama: nyundo haikupanda. Lakini triga tupu *na* kishimo kidogo, kama ya mzee wetu? Kuna kitu kiliigonga ile fataki, na siyo kidole cha mzee. Nyundo ilikuwa imeshaanguka yenyewe. Ndiyo maana fundi alinyamaza.

Jaribio la nyumbani, bila bisibisi

Tafuta risasi bandia za mazoezi za namba ya bunduki yako. Hazina baruti wala fataki, na kiini chake ni laini ili pini isiumie. Ziwe za rangi tofauti kabisa na risasi halisi. Usitumie risasi halisi kwa majaribio haya, hata "moja tu". Na hata ukiwa na bandia, mitutu ielekee upande salama muda wote.

Jaribio la 1. Weka bandia, funga, ondoa sefti, vuta triga ya mbele, kisha ya nyuma. Kwa kawaida, kwenye bunduki ya ubavu kwa ubavu, ya mbele ni mtutu wa kulia na ya nyuma ni wa kushoto. Sikiliza: "tak" zote mbili zinalingana? Upande unaolia kwa sauti ya kukwaruza au iliyofifia ndiyo upande mgonjwa.

Jaribio la 2. Vunja, funga tena, acha sefti imezuia. Vuta triga zote mbili kwa nguvu ya kawaida, kusiwe na "tak". Achia triga, ondoa kidole kabisa, kisha sukuma sefti mbele. Ukisikia "tak" hapo, bila kugusa triga, bunduki hiyo imekwisha kazi mpaka kwa fundi.

Jaribio la 3, ambalo ni muhimu kuliko yote. Vunja mpaka mwisho, funga kama unavyofunga siku zote. Usiibamize, na usiifunge kwa kuibembeleza pia. Ondoa sefti, vuta triga. Lazima usikie "tak" pande zote mbili. Rudia mara kumi. Ikitokea hata mara moja upande mmoja ukawa tupu wakati mitutu uliishusha mpaka mwisho, ichukulie kuwa nyundo ilianguka wakati wa kufunga. Mara moja kwa kumi inatosha. Usiseme "ni mara moja tu".

Wenye triga moja, msiogope bure

Baadhi yenu mna bunduki mpya za mitutu iliyopandana, zenye triga moja kwa mitutu yote. Hizi zina tabia yake, na tabia siyo ugonjwa.

Nyingi zinategemea kishindo. Risasi ya kwanza ikilia, bunduki inarudi nyuma kwenye bega, na kishindo hicho kinasogeza kizito kidogo ndani kinachohamisha triga kwenda mtutu wa pili. Kwa hiyo risasi ya kwanza ikiwa mbovu, hakuna kishindo, triga haihami, na mtutu wa pili nao unagoma ingawa ni mzima. Dawa yake ni kile kitufe cha kuchagua mtutu. Vilevile risasi nyepesi sana, au bunduki isiyokaa vizuri begani, inaweza kuinyima kishindo. Na kuna kosa la kidole: baada ya kulia ya kwanza lazima uiachie triga mpaka mwisho ndipo uvute tena. Mtu aliyetishwa na nguruwe anaibana tu, hailii.

Ukiijaribu kwa risasi bandia, baada ya "tak" ya kwanza gonga kitako kwa kiganja ndipo uvute ya pili. Kile kitufe cha kuchagua mtutu nacho kikikaa katikati, siyo huku wala kule, bunduki nyingi hazilii kabisa. Zipo pia triga moja zinazohama zenyewe bila kishindo. Soma kitabu kilichokuja na bunduki yako ujue yako ni ipi.

Tulichokikuta Morogoro

Turudi kwa mzee. Aliibeba mwenyewe, tupu, ndani ya mfuko wake, leseni mfukoni. Fundi akaweka risasi bandia na kuifunga kawaida. Akavuta triga ya nyuma: "tak". Akaivunja, akafunga, akavuta: "tak". Mara ya nne akafunga, na kabla hajagusa kitu tukasikia mlio hafifu ndani, kama kijiti kuvunjika kwenye tope. Akavuta triga. Tupu.

Akaifungua mbele yetu. Mambo yalikuwa mawili. La kwanza, ndani kulikuwa na ulimbo wa rangi ya asali, umeshikana na vumbi la mashineni. Mzee akakiri: miaka kadhaa amekuwa akiipaka mafuta ya alizeti, yale ya kukamua nyumbani. Mafuta ya alizeti yakikaa kwenye hewa yanakauka na kunata, angalia tu chupa ya jikoni shingoni. Ulimbo huo ulikuwa unaichelewesha nyundo.

La pili ndilo zito. Kijino cha upande wa kushoto kilikuwa kimepigwa tupa. Zamani kidogo mzee aliona triga ni ngumu, akampa mhunzi wa kijijini "ailainishe". Ikalainika kweli. Kijino kikabaki kinashika pengo kwa ukingo tu, na mtikisiko wa kufunga mitutu ukawa unatosha kukitoa.

Sasa weka mawili hayo pamoja. Nyundo ilikuwa inaanguka yenyewe mzee anapofunga bunduki yenye risasi. Haikulia kwa sababu moja tu: ulimbo uliifanya ipige kwa unyonge. Uchafu ndio uliokuwa unawalinda. Na sisi tulikuwa na chupa ya mafuta ya taa mkononi. Tungeusafisha ulimbo, triga ingerudi na "tak" nzuri ya kupendeza, mzee angesema ahsante bwana shamba. Usiku unaofuata angeweka risasi mbili, angefunga gizani, na mbele yake hatua tatu kijana wake ameshika tochi.

Niliuliza, "Na sefti je? Si inakuwa imezuia?" Fundi akaonyesha kwa ncha ya kalamu. Kwenye bunduki nyingi za aina hii, sefti inazuia triga tu. Haishiki nyundo. Kijino kikiteleza, sefti haina habari.

Mzee hakusema neno. Kijana alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Bunduki ilibaki pale kusubiri kijino kipya, na waliporudi shambani walilinda kwa madebe na moto mpaka mavuno. Walipoteza magunia, ndiyo. Kijana ananiambia mpaka leo akilala anaisikia ile "tak".

Stoo yako nayo inaharibu risasi

Hili ni letu sisi wakulima. Usiweke risasi kwenye stoo ya mbolea, wala kwenye banda la kuku au la ng'ombe. Urea inavuta unyevu, na mkojo wa mifugo unatoa amonia. Amonia na shaba nyeupe haviendani: wakati wa ukoloni, jeshi la Uingereza kule India lilihifadhi risasi kwenye mabanda ya farasi msimu wa mvua, na maganda yake yakapasuka yenyewe. Risasi zikae pakavu, ndani ya kisanduku kinachofungwa kwa kufuli, mbali na bunduki yenyewe.

Bunduki nayo ipanguswe kwa kitambaa kikavu baada ya kila usiku wa umande, kisha tone la mafuta ya silaha. Ukiyakosa, mafuta ya cherehani ni afadhali, lakini tone, siyo kijiko. Ya alizeti yaache jikoni, na grisi iache kwenye trekta.

Mpaka wa kazi yako

Kazi yako ni hii: kuhakikisha bunduki ni tupu, kuangalia sefti na ufungaji, kusoma fataki, kufanya yale majaribio matatu kwa risasi bandia, na kuandika ulichokiona. Andika kweli, kwenye daftari: triga ya upande gani, "tak" ilikuwepo au la, kishimo kikoje. Fundi akiyapata hayo anajua aanzie wapi.

Siyo kazi yako kupiga tupa, kupiga msasa, kukaza wala kulegeza skrubu, kumwaga mafuta ya taa au ya breki ndani, wala kugonga kitako chini "iachie". Na kuna dalili tatu ambazo ukiziona hakuna majadiliano: nyundo kuanguka wakati wa kufunga, "tak" unapoondoa sefti, au mitutu yote miwili kulia kwa kuvuta triga moja. Hapo unatoa risasi, unafungia bunduki, unaenda kituo cha polisi kilichoshughulikia leseni yako wakuelekeze kwa fundi anayetambulika kisheria.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ipo, na kumiliki silaha kunataka leseni. Leseni ya baba yako siyo yako, hata kama shamba mtalirithi pamoja. Na kumpiga mnyamapori, hata huyo anayekula mahindi yako, anza kwa kutoa taarifa kwa afisa wanyamapori. Kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na haiangalii hasira zako.

Vijana wangu, tumezoea kusema kifaa kikigoma kimeharibika, na kikikubali kimepona. Bunduki ya mzee ilipogoma ndiyo iliyomwokoa mwanawe, na ingekubali baada ya chupa moja ya mafuta ya taa. Kwa hiyo kabla ya kuitafutia dawa, uliza kwa nini imegoma.

Kama nyumbani kuna shotigani, leo jioni mwenye leseni afanye lile jaribio la 3, mara kumi, kwa risasi bandia. Kama risasi bandia hamna, isitumike mpaka zipatikane.

Wiki ijayo tunarudi kwa viwavijeshi. Tukutane shambani.